Rabo Nililojaribu kwa Mlango wa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alikuwa anakuja Butembo Jumamosi kutoka Beni, na mlango wa chumba cha wageni ulikataa kufunga. Mvua ziliuvimbisha. Kwetu, mukwe hapana kumuona mama wa mke wake akijifunga kikwembe kiunoni, hata kwa bahati mbaya. Mke wangu alinikumbusha Jumatatu, akanikumbusha Jumanne.

"Ununue rabo, upunguze ile mulango."

Nilingoja mpaka Ijumaa, labda jua lingeukausha bure. Halikuukausha.

Sasa, rabo, ile randa ya seremala, halinunuliwi kwa macho. Niling'oa mlango, nikaubeba kichwani mpaka sokoni, ili kila rabo nilijaribu kwenye ubavu wa mlango wenyewe.

La kwanza lilikuwa limepinda chini. Liliruka-ruka na kuacha mawimbi. La pili kisu kilitoka sana, kikang'oa nyuzi za mbao. Muuzaji akakigonga kirudi ndani. Nikapitisha tena, likakwama.

La tatu lilikuwa la mzee mmoja: chuma kizito, mpini uliong'arishwa na mikono ya watu. Nilipitisha mara moja, maranda yakatoka marefu, membamba kama ganda la kitunguu. Nikapitisha mara ya pili, maana mara moja inaweza kuwa bahati.

"Dola makumi mbili," mzee akasema.

"Papa, fanya kumi." Nikapitisha.

"Kumi na munane."

"Kumi na moja." Nikapitisha tena.

Tulipofika kumi na tano, akaweka mkono juu ya rabo. "Patron, kazi yako imeisha. Donc, basi, unataka kununua nini?"

Niliutazama ubavu: laini, hauna hata kovu. Nikamwambia naenda kuwaza kidogo, nikaubeba mlango wangu na mfuko wangu ukiwa mzima.

Nyumbani mlango ulifunga bila kelele. Lakini kati yake na fremu kidole gumba kilipita. Nikapima na gumba la mkono mwingine. Likapita.

Jumamosi mama mkwe aliingia chumbani, akafunga. Mimi, sebuleni, ile saloni yetu iliyo mbele ya mlango ule, nikageuza kiti kuelekea ukuta.

"Mukwe," sauti ikatoka ndani, "ile rabo ulilipa ngapi?"

"Hapana kununua, mama. Nilijaribu tu."

"Ndiyo, naona. Naona mpaka ku saloni."