Matimba Yalitolewa na Nani

Mbuke alisomeshwa na shimo. Alipenda kusema hivyo mwenyewe, na hakuwa akitania. Baba yao alipofariki, ng'ombe waligawanywa na baba zao wadogo, mama akabaki Kolandoto na kishamba cha viazi na watoto wawili. Mihayo, kitinda mimba mwenye mabega ya mtu mzima, aliacha shule akaenda machimbo ya Segese. Huko aliteremka kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, akapandisha mawe ya dhahabu kwa kamba, na alichopata akakituma chuoni kwa dada yake. Mbuke alipohitimu ualimu aliomba apangiwe shule ya karibu na Segese. Akapewa Kiingereza, na kila Jumapili akawa anamchemshia mdogo wake michembe, viazi vilivyokatwa na kukaushwa, iliyotoka kwa mama.

Mihayo alikuwa kibarua wa mtu aitwaye Edward. Edward alikuwa na maduara mawili, la zamani na jipya, gari jeupe, na sauti ya upole isiyopanda hata akigombana. Binti yake, Noela, alisoma kidato cha pili, darasa la Mbuke.

Asubuhi moja mwanzoni mwa mvua, duara la zamani liliporomoka Mihayo akiwa chini. Wenzake walifukua kutwa nzima. Walipomfikia alikuwa ameshapoa.

Walimzika Kolandoto. Edward alileta jeneza, alileta gari la kubebea watu na mchele wa msiba, akalia mbele ya waombolezaji kwa ile sauti yake ya upole. Mama yake Mbuke alimshika mikono akamshukuru. Mbuke naye alimshukuru, kwa sababu siku ile alikuwa bado hajajua kitu.

Alijua kidogo wiki iliyofuata, kwenye mkutano uliofanyika machimboni. Afisa madini alikuja kusikiliza chanzo cha ajali, na Mbuke akasimama nyuma ya watu na kanga yake ya msiba. Akasimama Mwigulu, mchimbaji aliyefanya zamu moja na Mihayo na aliyewahi kula michembe nyumbani kwa Mbuke.

"Matimba yalitolewa, mheshimiwa," alisema Mwigulu. Matimba ni yale magogo yanayoshikilia kuta za duara zisianguke.

"Yalitolewa na nani?"

Mwigulu aliinamisha kichwa. "Yalitolewa tu."

"Na marehemu alijua kama hayapo?"

"Hakuambiwa."

"Hakuambiwa na nani?"

"Hakuambiwa tu, mheshimiwa."

Edward alikuwa pembeni, mikono nyuma. Afisa alisubiri, akawatazama wengine, akaona wote wamefunga midomo. Akaagiza duara lile lifukiwe na lile jipya likaguliwe, akaondoka.

Mbuke alibaki amesimama. Sentensi za namna ile zilikuwa kazi yake. Alikuwa amezifundisha kwa mamia ya watoto: aliyetendwa unamleta mbele, aliyetenda unamsukuma nyuma, na ukitaka unamfuta kabisa, na sentensi inabaki nzima, haina kosa hata moja. Hakuwahi kufikiri kwamba siku moja mdogo wake angezikwa ndani ya sentensi kama hiyo.

Alimfuata Mwigulu njiani. "Mwigulu, nani alitoa matimba?"

"Dada Mbuke, mimi nina watoto," Mwigulu alijibu, akaongeza mwendo.

Jumapili iliyofuata Mbuke alikwenda kwenye duara jipya la Edward, kana kwamba amepeleka shukrani za msiba. Edward hakuwepo. Aliinama mdomoni mwa shimo akachungulia. Magogo ya juu yalikuwa mapya, meupe. Chini yake yalifuata magogo meusi ya siku nyingi, yenye tope kavu la duara jingine. Alisimama pale hadi magoti yakamuuma. Kisha akajifuta mikono, ingawa hakuwa ameshika kitu, akarudi nyumbani. Kuanzia siku hiyo hakulia tena.

Muhtasari wa kidato cha pili ulikuwa na mada ya kauli ya kutenda na kauli ya kutendwa. Miaka mingine Mbuke aliimaliza haraka aende kwenye barua na insha. Mwaka huo aliingia darasani akaandika ubaoni: "Somebody removes the timbers." Mtu fulani anatoa matimba.

"Igeuzeni," alisema.

Watoto wa Segese hawakuhitaji kuelezwa matimba ni nini. Wakageuza kwa pamoja: "The timbers are removed." Kesho yake wakaingia wakati unaoendelea: "The timbers are being removed." Ikafuata hali timilifu: "The timbers have been removed." Kisha wakati uliopita. Mbuke aliwataka waseme kwa sauti, darasa zima, tena na tena, madirisha wazi. Sauti zilivuka uzio zikafika barabarani, ambako vijana wa bodaboda husubiri abiria chini ya bango la vocha. Baada ya muda na wao wakawa wanaimba bila kujua maana: timbaz, timbaz.

Noela ndiye aliyenyoosha mkono. Alikuwa msichana mwembamba, mwenye akili, asiyependa kuacha jambo likiwa nusu.

"Madam, kwa nini huyu 'somebody' tunamwacha? Kwenye sentensi ya kwanza yupo, kwenye ya pili hayupo."

"Tunamwacha kwa sababu hajulikani ni nani."

"Na akijulikana?"

"Akijulikana anaandikwa. Mwishoni, baada ya 'by'."

Noela aliandika jibu hilo kwenye daftari lake akapiga mstari chini. Mbuke alimtazama akiandika, na jambo alilokuwa akilizungusha kichwani tangu msiba likakaa mahali pake. Alijua ni baya. Alijua pia kwamba Edward hakuwa na kitu kingine duniani anachokipenda kuliko huyu mtoto.

Kipindi kilichofuata aliandika: "Edward removed the timbers." Edward alitoa matimba.

Hakukuwa na mtoto asiyejua Edward gani. Mbuke alinyoosha chaki.

"Noela, njoo uigeuze."

Noela alikuja. Alisimama akiutazama ubao kwa muda mrefu, hata mmoja wa wavulana akaanza kukohoa. Kisha akaandika kwa herufi safi, polepole: "The timbers were removed by my father." Matimba yalitolewa na baba yangu. Aliweka nukta, akairudisha chaki kwenye kiganja cha mwalimu wake, akarudi kukaa.

"Ni sahihi," alisema Mbuke. "Wote, semeni."

Hawakusema. Kengele ikawakuta hivyo hivyo.

Ila nje walisema. Kufika jioni ile habari ilikuwa sokoni, kesho yake ilikuwa kwenye karasha ambako mawe husagwa. Segese ikalichukua lile 'by' la Noela, ikaliita bai, ikalitia jina la baba yake na kuligeuza mchezo. Ndoo ikipasuka, mtu akiuliza nani kaipasua, anajibiwa: "Bai Edward." Umeme ukikatika, bai Edward. Kuku akiibwa, bai Edward. Watu walicheka, lakini wachimbaji hawakucheka kwa muda mrefu. Kijana mmoja alikataa kuteremka kwenye duara jipya mpaka akague matimba mwenyewe. Siku ya pili walikataa wote.

Edward alikuja shuleni. Mkuu wa shule, Mwalimu Davis, mtu mwoga aliyebakiza kidogo kustaafu, alimwita Mbuke ofisini.

"Mwalimu Mbuke, mzazi analalamika. Anasema umemtukana darasani."

"Nimefundisha mada iliyo kwenye muhtasari, Mkuu. Kauli ya kutendwa."

"Kwa jina la mzazi?"

"Mifano hutolewa kwenye mazingira ya mwanafunzi. Ndivyo tunavyoelekezwa."

Edward alimgeukia. "Mwalimu, mimi nilikuzikia mdogo wako. Jeneza nililileta mimi. Gari niliita mimi. Mchele nilinunua mimi. Hayo huyasemi?"

"Unaona," alisema Mbuke, "ukitaka kusema 'mimi' unaweza. Sasa sema na matimba."

"Ilikuwa bahati mbaya."

"Bahati mbaya haina mikono. Sema kwa Kiswahili au Kisukuma, hata kwa Kiingereza, sitakupa alama. Sentensi moja tu inayoanza na wewe. Halafu nitafuta ubao."

Davis alijishughulisha na kalamu zake mezani.

"Nitahakikisha unahamishwa," alisema Edward.

"Nitahamishwa na nani?" Mbuke aliuliza.

Edward alitoka bila kuaga.

Aliyevunjika kwanza ni Mwigulu. Kila alipopita alisikia bai Edward, bai Edward, na yeye peke yake alijua kwamba sentensi ile ilipungukiwa na mtu. Alikwenda kwa afisa madini akasema yote, kisha akaja nyumbani kwa Mbuke, akavua kofia mlangoni.

"Dada, matimba niliyatoa mimi. Kwa mikono hii. Edward aliniagiza niyapeleke duara jipya, akasema la zamani tumeshalifunga. Asubuhi yake nikamsikia anamtuma Mihayo akamalizie mawe yaliyobaki kule kule. Nikanyamaza. Niliogopa kufukuzwa."

Mbuke alikuwa akipepeta mchele. Aliendelea kupepeta.

"Ulimwona akishuka?"

"Nilimwona."

"Alikusalimia?"

Mwigulu alianza kulia, akanyoosha mkono kuomba msamaha. Mbuke aliuangalia ule mkono kama mtu anayeangalia jembe la jirani.

"Umesema vizuri kwa afisa," alisema. "Huo ulikuwa wajibu wako. Msamaha kaombe kwa mwingine." Akaingia ndani na ungo wake, akafunga mlango. Mwigulu akavaa kofia yake, akaondoka. Mbuke alikuwa amemtaka Edward peke yake, lakini alipompata na wa pili hakumrudisha.

Edward alinyang'anywa maduara yote mawili na kesi ikafunguliwa. Gari jeupe likauzwa, na dhamana ilipopatikana, akaondoka Segese bila kuaga majirani. Mbuke naye alihamishwa kama alivyoahidiwa, akapelekwa shule ya jirani na Kolandoto, jambo ambalo kwake halikuwa adhabu, kwa kuwa mama yake alikuwa huko.

Kabla hajaondoka alikutana na Noela stendi. Msichana alikuwa anapelekwa Isaka kwa shangazi yake, ameshika mfuko wa nguo. Alimwamkia kama kawaida, shikamoo madam, na Mbuke akaitikia.

"Nilijua kabla yako," alisema Noela. "Baba alimwambia mama, nikasikia. Ungeniuliza faragha ningekwambia."

Mbuke hakuwa amelitarajia hilo. "Nilitaka isikike," alisema.

"Imesikika. Sasa una furaha?"

Mbuke angeweza kumdanganya mtoto, na watu wengi wangemdanganya. "Ndiyo," alisema. "Kwa baba yako, ndiyo. Kwako wewe, hapana."

Noela alitikisa kichwa kama aliyepewa jibu la nusu, akapanda basi. Hakumpungia.

Baadaye habari zilifika Kolandoto kwamba Edward, akingoja kesi yake, amepata kibarua cha usimamizi kwenye machimbo ya upande wa Geita, mahali asipojulikana. Asubuhi ya kwanza mpishi aliunguza uji. Msimamizi mgeni akauliza nani ameunguza, na wachimbaji waliokaa wakisubiri wakajibu kwa pamoja, wakicheka, kwa msemo uliokwisha kufika huko kabla yake, bila kumjua ni nani: "Bai Edward." Aliyesimulia alisema yule bwana aliweka chini kikombe chake, akatembea hadi barabarani, na hakurudi kuchukua hata begi.

Mbuke alimsimulia mama yake habari hiyo wakiwa shambani, wakifukua viazi. Alisimulia kwa raha, akarudia mara mbili pale pa kikombe. Mama alisikiliza hadi mwisho, akang'oa kiazi, akakikung'uta udongo.

"Ng'wanone, mwanangu," alisema, "lakini amesema? Kwa mdomo wake?"

"Hajasema, mama."

"Mimi nilimshika mikono nikamshukuru," alisema mama. "Nataka aje anirudishie ile shukrani."

"Kesi inasikilizwa mwezi ujao," Mbuke alisema. "Nitakwenda kukaa mbele."

"Tutakwenda," mama alisema, akahamia tuta jingine.