Reli ya Chumba cha Cherehani

Mkaguzi hakuwa mtu wa kusaini haraka, na hilo ndilo lililomponza. Miaka thelathini na mmoja alitembea juu ya mataruma yanayobeba reli, nyundo begani, akigonga reli na kutega sikio, na hakuna treni iliyopita kwenye kipande chake mpaka yeye aweke jina lake kwenye daftari. Alipostaafu, jina la kazi lilimganda. Majirani walimwita Mkaguzi, kinyozi alimwita Mkaguzi, hata mkewe, aliyemzalia watoto watatu na alikuwa na kila haki ya kumwita vingine, alimwita Mkaguzi, hasa akitaka kumchokoza.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Nusu ya sare za shule za mtaa ule zilipita mikononi mwake. Alishona mpaka siku alipoanza kutoboa kidole chake badala ya kitambaa, akadhani anahitaji miwani tu. Hospitalini wakaambiwa ni presha ya macho, na imekaa humo muda mrefu bila mtu kujua. Daktari, mama mmoja wa sauti ya taratibu, hakuwazungusha. Dawa ya matone itachelewesha mambo, alisema, lakini kilichokwenda hakirudi. Ataendelea kuona padogo, padogo zaidi, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, halafu na tundu lenyewe litaziba. Walipouliza lini, akasema mwaka, labda mwaka na nusu.

Hivyo ndivyo chumba cha cherehani kilivyobaki wazi. Cherehani ikafunikwa shuka na kusukumwa pembeni, na mama wa nyumba akamwambia mumewe ashushe lile sanduku lake lililokuwa juu ya kabati. Sanduku lenyewe ni zawadi aliyopewa na wenzake siku ya kumuaga: kichwa cha treni cha kuenea kiganjani, mabehewa matatu, vipande vya reli, na kidude cha umeme chenye kitufe cha kuzungusha. Lilikuwa limelala juu ya kabati miaka miwili likila vumbi, maana Mkaguzi aliona haya. Mtu mzima na mvi zake, acheze na treni?

"Chukua chumba," mkewe alimwambia. "Ila unitengenezee pale kilomita hamsini na nane. Nyumba yetu, treni ya jioni inapita, na taa imewaka ndani. Nataka niione kabla macho haya hayajafunga."

Kilomita hamsini na nane ndipo walipoanzia maisha. Nyumba ya shirika, vyumba viwili, ukuta wa nyuma karibu na reli kiasi kwamba vikombe vilicheza kabatini. Dirisha la jikoni, lililotazama reli, lilikuwa na mapazia ya njano aliyoshona yeye mwenyewe, mwali wa wiki mbili. Kila jioni aliwasha taa, treni ikapita, na mumewe akashuka behewa la mwisho akiwa mweusi kwa grisi. Hakuna kitu alichokikumbuka kwa raha kama dirisha lile.

Mkaguzi aliapa miezi sita. Na laini ikiwa tayari, alisema, mwenye kuifungua atakuwa wewe, kitufe utazungusha kwa mkono wako.

Basi akaingia kazini. Alichora mpango kwenye karatasi nne alizozigandisha pamoja: mzunguko mmoja, stesheni upande wa mlango, tangi la maji, kona, halafu nyumba, kisha daraja na kurudi stesheni. Alipasua plaiwudi, akaipandisha juu ya miguu ya meza ya kukatia vitambaa, akaipima kwa pima maji mpaka kile kipovu kikatulia katikati. Mkewe akapewa kazi ya majengo. Alikaa sebuleni karibu na dirisha, akakata maboksi ya viatu, akapaka rangi kuta, akajenga stesheni yenye benchi, na tangi, na mwisho kabisa ile nyumba, na balbu ndogo ndani. Mapazia aliyashona kwa kipande cha njano alichokitunza miaka yote hiyo chini ya sanduku la nguo, kila pazia upana wa kucha, na lina pindo. Kazi ile aliifanya ameinamia karibu kugusa kitambaa kwa pua.

Mlangoni alimtundikia mumewe kitambaa chekundu. Alikishona kwa utani, kwa sababu Mkaguzi alikuwa ametangaza kwamba ni marufuku mtu kukanyaga laini isiyofunguliwa, na yeye akasema haya, kama ni marufuku basi iwe marufuku yenye bendera. Walicheka wote wawili. Laiti mkewe angejua, kitambaa kile angekichoma moto.

Mwezi wa nne treni ilitembea. Ilizunguka mara tatu bila kuanguka, na mtu mwingine yeyote angemwita mkewe hapo hapo. Mkaguzi aliinama, akafumba jicho moja, akaona behewa la mwisho linayumba kidogo kwenye kona, hapo hapo nyuma ya nyumba. Kuyumba kwenyewe unene wa uzi. Akaandika kwenye daftari alilolianzisha kama la kazini: kona, haijapita. Akang'oa reli yote.

Usimcheke. Alikuwa na kidonda chake. Ujanani aliwahi kusaini kipande cha reli kwa sababu bosi alikuwa amesimama nyuma yake akitazama saa, na siku ya pili mabehewa ya mizigo yakalala ubavu, na mtu wa breki akapoteza mguu. Yule bwana hakumlaumu hata siku moja. Walikutana sokoni mara nyingi, yeye na gongo lake, wakasalimiana vizuri, na kila salamu ilimchoma Mkaguzi upya. Tangu hapo kalamu yake ikawa nzito. Kazini uzito ule uliokoa watu, sikatai. Lakini huku chumbani abiria walikuwa nani? Vikaragosi sita vya karatasi!

Mara ya pili kona ikakaa sawa, lakini mlima wa kupanda daraja ukawa mkali kuliko mchoro. Akang'oa tena. Mara ya tatu kila kitu kilikuwa barabara ila kelele: gurudumu likipita kwenye maungio lilipiga ta, ta, ta, na Mkaguzi hakuipenda. Kwake mlio wa maungio ulikuwa mlio wa kazi mbovu. Akaamua kujaza kila ungio kwa risasi ya kuchomea, ile inayoyeyushwa kuunga nyaya, halafu kulisugua kwa tupa mpaka ukipitisha kidole usijue reli imeishia wapi na nyingine imeanzia wapi. Maungio thelathini na matatu, na mengine aliyarudia.

Mkewe alipouliza lini, jibu lilikuwa wiki mbili. Likawa ndilo jibu la nyumba. Alisimama nje ya kitambaa chekundu, mkono kwenye fremu ya mlango, akauliza, akaambiwa wiki mbili, akarudi sebuleni. Mwanzoni alirudi akitembea katikati ya ukumbi. Baadaye alirudi akipapasa ukuta.

Mkaguzi aliona. Hilo ndilo linalomla mpaka leo, kwamba aliona, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuona. Aliona mkewe akigeuza kichwa kizima kutafuta kijiko kilicho karibu naye. Aliona rangi ya ukuta wa stesheni imevuka mstari, yeye ambaye mshono wake haukuwahi kwenda upande. Akajiambia ni uchovu, akarudi kwenye tupa yake. Moyoni alikuwa na hesabu ya kijinga: maadamu laini haijaisha, basi na macho hayajaisha.

Kitindamimba wao, muuguzi anayeishi mji mwingine, alikuja likizo akakaa siku nne. Siku ya tatu alipita chini ya kitambaa chekundu bila kubisha hodi.

"Baba, mama amemimina chai nje ya kikombe mara mbili leo," alisema. "Mwite aje aone. Hata kama inayumba."

Mkaguzi alimjibu bila kuinua kichwa kwamba zimebaki wiki mbili. Binti alimwangalia, akatoka. Alipoondoka alimkumbatia mama yake muda mrefu, na baba yake akapata shikamoo ya juu juu.

Haikuwa wiki mbili, ilikuwa tisa. Siku hiyo ikafika asubuhi ya kawaida kabisa. Treni ilizunguka mara kumi, haikuyumba, haikusita mlimani, haikutoa hata mchakacho. Aliizungukia kwa magoti, akakosa kasoro. Akafungua daftari, akaandika imepita, akasaini jina lake lote. Akanyoa ndevu. Akavaa shati la kazini lenye vifungo vya shaba, akashusha pazia la dirisha la chumba ili taa ya nyumba ionekane vizuri, akatoa kitambaa chekundu mlangoni, akaenda kumshika mkewe mkono.

Alimkalisha kwenye stuli yake ya zamani ya cherehani, usawa wa nyumba, hatua moja tu kutoka kwenye reli. Akamwekea kidole kwenye kitufe. Mkewe alikuwa anatabasamu, amejipaka wanja, amejitanda kanga mpya. Akazungusha.

Treni ikatoka stesheni, ikapita tangi, ikaingia kona, ikapita mbele ya dirisha la mapazia ya njano na taa imewaka ndani, kama ilivyokuwa, kila kitu mahali pake. Ikapanda daraja. Ikarudi. Mkaguzi alimtazama mkewe usoni akingoja. Mkewe alikuwa amekaza macho mbele, tabasamu bado lipo, kichwa kimeinama kidogo upande.

"Imeshaondoka?" aliuliza.

Mkaguzi aligeuka kuitazama reli. Treni ilikuwa inapita mbele ya mkewe kwa mara ya pili.

"Iko mbele yako," alisema.

Mkewe akasema, kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko matusi, "Mbona hata haisikiki?"

Hapo ndipo Mkaguzi alipokaa sakafuni na shati lake la vifungo. Miezi kumi na saba! Mitano ya mwisho aliitumia kuondoa kitu pekee ambacho kingemfikia mkewe. Alilia, na hakujificha. Mkewe alimtafuta kwa mkono mpaka akapata bega, akamwambia asimulie basi, iko wapi sasa, na yeye akasimulia: tangi, kona, nyumba. Mkewe akanyoosha mkono, akapapasa mpaka akapata paa la nyumba, akaacha kiganja hapo. Balbu ile ndogo ilikuwa imelipasha boksi.

"Imewaka," alisema. "Ina joto."

Siku ya pili Mkaguzi aliamka akachukua tupa. Kwa mkono ule ule uliogonga reli miaka thelathini na mmoja ukitafuta kasoro, akaanza kutia kasoro. Alikata pengo dogo juu ya kila ungio, na mbele ya dirisha la nyumba akakata matatu yaliyokaribiana. Treni ikapiga kelele kama cherehani kuukuu. Wiki haikuisha, mkewe alikuwa dereva. Alihesabu mipigo, akakata umeme, na treni ikasimama mbele ya dirisha kwa usahihi ambao Mkaguzi mwenyewe hakuufikia, na mkewe hakuacha kumtania kwa hilo. Kila alasiri baada ya chai walikwenda chumbani. Kabla ya kuanza mkewe alishika paa, akauliza kama taa inawaka, akajibiwa inawaka. Mwisho wa safari Mkaguzi alisaini daftari, kwa sababu mkewe alidai laini iendeshwe kwa sheria.

Hayo ni ya kushukuru, na Mkaguzi anashukuru. Lakini kuna alasiri humtazama mkewe amekaa kwenye ile stuli, uso umegeukia kidogo pembeni mwa nyumba anayodhani anaitazama, na anakumbuka mwezi wa nne. Mwezi wa nne alikuwa bado anaona. Angeiona taa, angeyaona mapazia aliyoyashona mwenyewe, angeona behewa likiyumba, akacheka. Binti yao amemsamehe, au anasema hivyo kwenye simu. Mwenyewe hajui aanzie wapi kujisamehe.

Juzi balbu iliungua. Waya wake umepita ndani ya nyumba, na nyumba haifunguki. Paa liligandishwa na mkewe kwa gundi, na mapazia yamegandishwa kwenye paa. Ili kubadilisha balbu lazima avunje boksi na kuchana kitambaa, na hiyo ndiyo kazi ya mwisho ambayo macho yale yalifanya. Alizunguka meza na kisu kidogo mkononi asubuhi nzima. Mwisho akakirudisha kwenye droo.

Alasiri mkewe akakaa, akanyoosha mkono akashika paa kama kawaida.

"Taa inawaka?"

Mkaguzi, ambaye tangu siku ya mtu wa breki hakuwahi kupitisha kitu kibovu, aliangalia dirisha lile jeusi.

"Inawaka," alisema.

Kiganja cha mkewe kilibaki juu ya paa muda mrefu. Paa lilikuwa baridi, na mikono ile haikuwa ya kudanganywa.

"Haya, saini," mkewe alisema.

Akafungua daftari, akasaini.