Mdogo wangu alianguka akiamkia wakwe, wakasema kifafa

Saa nne na dakika kumi asubuhi, huku Makere, mdogo wangu Elia alianguka mbele ya wakwe watarajiwa.

Wakuu, heshima zenu. Sitatia chumvi hata punje, ingawa uzi wenyewe unahusu chumvi.

Tulitoka Kasulu kupeleka posa, mimi nikiwa mshenga. Elia alikuwa anaharisha tangu jana yake. Mimi ni fundi redio, ila vitabu vya tiba najisomea, nikamwagiza anywe maji kwa wingi. Akanywa mpaka tumbo likawa linacheza kama dumu.

Nikamuuliza kama ana kiu, akasema hana. Nikajua maji yamerudi.

Kwa wasiotujua sisi Waha: kuamkia wakubwa si kutupa neno ukapita. Unasema "Mwakeye", salamu yetu ya asubuhi, unachuchumaa, unapiga makofi taratibu, unaulizwa nyumbani, mashamba, ng'ombe, na makofi yanaendelea.

Elia alichuchumaa vizuri sana. Shida ilikuwa kuinuka.

Alisimama, akatabasamu, akaenda chini.

Shangazi wa binti, msemaji wa ukoo, akanigeukia. "Mshenga, mbona hukusema kwenu mna kifafa?"

"Si kifafa, shangazi. Ameishiwa maji."

"Kamaliza kopo zima hapo mlangoni! Anaishiwaje maji mtu aliyejaa maji?"

Swali zuri, wakuu. Posa ilikuwa inaondoka hivi hivi naiona.

Kosa lilikuwa kwenye neno. "Kuishiwa maji" tunalitumia kwa mambo mawili. Kuna kukauka: maji yametoka kuliko chumvi, kiu inakuwa kali. Na kuna kupungua ujazo: maji na chumvi vimetoka pamoja, damu kwenye mishipa imekuwa kidogo. Maji matupu yanazima kiu, lakini bila chumvi hayakai mishipani.

Aliyewahi kupiga bomba la kisima kinachokauka ananielewa: mpini unakwenda mbio, maji hayapandi. Moyo nao hufanya hivyo hivyo damu ikipungua.

Nikamshika Elia mkono. Amelala, mapigo yana nafuu. Tukamketisha, yakakimbia. Nikampa shangazi naye ashike.

"Ehe! Kama mwizi aliyeitiwa watu."

"Kifafa hakingoji mtu ainuke, shangazi."

Zahanatini tabibu akampima presha amelala, kisha ameketi. Ikashuka. Akampa ORS, ule unga wa chumvi na sukari uliochanganywa na maji, anywe kidogo kidogo, asiondoke mpaka akojoe, ndiyo dalili kwamba ujazo umerudi.

Alasiri tukarudi. Shangazi akasema hapokei posa mpaka aamkiwe upya, tangu mwanzo.

Elia akachuchumaa. Makofi. Shangazi, kwa makusudi kabisa, akauliza habari za kila kuku.

Akainuka. Akasimama wima.

Binti alikuwa anachungulia kutoka jikoni. Akapiga kigelegele kabla ya wazee kusema lolote, mpaka shangazi akamfokea huku anacheka. Posa ikapokelewa.

Somo: ukiharisha, changanya ORS kama pakiti inavyoelekeza, na usidanganywe na kukosa kiu. Ukiona kizunguzungu kila unaposimama, wahi zahanati, usingoje ndugu yako fundi redio.

Wauguzi mliomo humu, nirekebisheni nilipokosea. Na waliowahi kudondoka ukweni waseme walijiteteaje.