Figo za Lyamkena

Mjukuu wangu, andika kama ninavyosema, wala usinipambie maneno. Sikukaa darasani hata siku moja, lakini neno langu nikilisikia nalitambua.

Nilizaliwa njiani. Wazazi wangu walikuwa Wapangwa wa Mawengi, wakielekea Makambako wakati wa utawala wa Mwingereza. Walipofika karibu na Njombe mama akashikwa na uchungu, akanizaa, akafa. Mwanamke wa Kibena aliyekuwa akinyonyesha mtoto wake akaniweka kwenye ziwa la pili. Baba akaendelea na safari ya kutafuta kazi, akiahidi kurudi. Mpaka leo tunamngoja.

Sikuona upungufu wowote hadi nilipotaka kuoa. Baba wa binti alikuwa mzee wa kanisa. Jumapili alitufundisha kwamba vyakula vyote ni safi mbele za Mungu. Jumatatu, nilipopeleka posa, akaniuliza:

"Kijana, ukoo wenu una mwiko gani?"

Kila ukoo ulikuwa na chakula usichokila, na wenye mwiko mmoja walihesabiwa kuwa ndugu, hawakuoana. Nikajibu kwamba kwetu hatuli kanga.

"Huo ni wa nyumba iliyokulea. Nauliza wa baba aliyekuzaa. Je, kama binti huyu ni dada yako?"

"Basi nitajie wenu, baba, nilinganishe."

"Nikutajie, ili ukachague mwingine? Nenda ukautafute."

Mama aliyenilea alinisikiliza akipepeta mahindi, bila kuinua macho. Alinitajia jina la marehemu mama yangu, kisha akasema:

"Walikuwa wakienda Lyamkena, hapo hapo Makambako, kwa dada wa baba yako aliyeolewa huko. Nenda. Lakini ukikuta ukoo wenye ng'ombe wengi, usisahau ni nani aliyekufuta kamasi."

Nilitembea siku mbili. Shangazi nilimkuta hai, mjane mrefu mwenye ulimi mkali. Alinisalimu kwa Kipangwa, nikaitikia kwa Kibena.

"Mpangwa gani huyu anayezungumza kama ndege aliyepotea kiota?"

Nilimweleza habari yangu. Kabla sijafika kwenye jina la mama yangu, yeye akalitaja, na hilo likanitosha. Hakulia. Aliniambia niketi, akatoka, na baada ya muda mrefu akarudi na ugali na mabakuli mawili: moja la nyama ya kanga, jingine la figo za mbuzi. Kanga sikumgusa. Figo nilizimaliza, na mchuzi wake nikaufuta kwa tonge la mwisho.

"Una ugomvi na kanga?" akauliza.

"Kwetu haliwi, shangazi."

"Kwenu wapi?"

"Njombe."

Akajipiga mapaja, akacheka mpaka kilemba kikamdondoka. "Mwana wa kaka yangu ametembea siku mbili kunitafuta, na sasa amekula mwiko wa baba yake mpaka bakuli likang'aa! Figo hizo amezipika jirani, kwa sufuria yake. Mimi hata kuzigusa sizigusi."

"Mbona hukunionya?"

"Nilitaka kuona kama damu itakuonya."

"Haikunionya."

"Subiri."

Sikuwa nimemaliza kunawa, mikono ikaanza kuniwasha. Nilijikuna mpaka viwikoni. Shangazi akatoka uani akiwatangazia majirani kwamba mtoto amepatikana, damu imemkamata. Njiani nilikuwa nimepumzika mahali penye upupu, lakini mbele ya furaha ile nilionelea ninyamaze.

Niliporudi Njombe, mama alinisindikiza kwa baba wa binti. Nikasema, "Mwiko wangu ni figo. Na kanga."

Mzee aliitazama mikono yangu iliyochubuka. Akaishika, akaigeuza juu chini.

"Wetu ni sungura," akasema hatimaye.

Mama alishusha pumzi kwa kishindo kuliko mimi.

"Sasa kijana," mzee akaendelea, "wa kuzaliwa umeupata. Huo wa kanga unaweza kuuacha."

"Siwezi, baba. Huo niliunyonya."

Mama akageuka kutazama mlangoni, ingawa hapakuwa na mtu aliyebisha hodi. Mzee akacheka. "Mkwe wa namna hii ni faida. Hatatumalizia nyama."

Tukafunga ndoa kanisani. Shangazi alikuja kutoka Lyamkena, akaketi pamoja na mama, na wote wawili wakanisema vibaya kwa raha zao. Siku ya kwanza mke wangu alipoingia jikoni, alisimama mbele ya mafiga, mikono kiunoni.

"Kanga hapana. Figo hapana. Mimi nami sungura hapana. Sasa, bwana, nyumba hii itakula nini?"

"Maharage," nikamjibu.