Mama Daphrose na Majani Yanayotoa Maziwa

Saa mbili asubuhi, ng'ombe kumi na mmoja wanalia kwa njaa nyuma ya ua, na Mama Daphrose Nyiramana wala hana haraka nao. Amepiga magoti kwenye malisho ya mlimani juu ya Kibabi, Masisi, mashariki mwa Kongo, akipapasa ardhi kavu kama mtu aliyeangusha pete.

Kabla ya kuwafungulia ng'ombe, anatafuta mmea mdogo unaotambaa, wenye vikonyo vyekundu na viua vidogo kama punje za ulezi. Huota penye udongo mtupu, kiangazi kinapokaza. Anavunja kikonyo, anasubiri. Tone jeupe linatoka.

"Njo hii yenyewe," anasema, akiung'oa na mizizi yake. "Ingine inafanana nayo, lakini haina maziwa. Ile ng'ombe anakula bila shida."

Mgeni wake, mwandishi wa makala haya, naye anajaribu bahati. Anang'oa mitatu, na yote siyo. Mama anacheka mpaka anajishika kiuno.

"Papa, wewe ungemaliza ng'ombe za batu!"

Kicheko hicho kimenunuliwa kwa machozi. Miaka tisa iliyopita, ng'ombe wake wa pekee, Gaju, alizaa akakosa maziwa. Daphrose na mumewe Gatera wakawaza kama wafugaji wengi wa hapa: mmea wenye maziwa utaleta maziwa. Wakamlisha kapu zima.

"Kinywa kilivimba, akakataa hata maji. Siku ya ine akakufa," anasimulia. "Mikono yangu njo ilimulisha."

Leo, akiwa na miaka 61, anachunga ng'ombe wa watu kwa ujira wa lita mbili za maziwa kwa siku. Lita moja humshinda kumaliza. Gatera amefariki. Majirani walikimbia vita, na nyumba saba zilizomzunguka hazina mtu. Binti yake mmoja tu, Tuyizere, anauza maharage Kitshanga, na huu ni mwaka wa tatu hajakanyaga nyumbani. Mchana kutwa Daphrose huongea na ng'ombe, kwa kuwa hakuna mwingine wa kumjibu.

Sasa jicho lake la kushoto limeingia ukungu. Mwezi uliopita aliuruka mmea mmoja, ndama akatokwa na malengelenge mdomoni. Mwenye ng'ombe akamwambia atafute msaidizi mwenye macho mazuri kabla ya mvua, la sivyo aache kazi.

Alimpigia binti yake simu, akimwomba arudi ajifunze kuutambua mmea na kumsaidia.

"Aliniambia, 'Mama, ni majani tu, tuma foto.' Foto unaivunja namna gani uone maziwa?"

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Jumapili, baada ya misa, atapanda pikipiki kwenda Kitshanga. Mmea ameshauotesha kwenye kopo la nyanya.

"Nitamuambia nimemuletea majani, avunje, ayajue," anasema, akilimwagilia kopo maji kidogo. "Lakini hata akikatala kujifunza, Papa, arudi tu. Arudi anipigie kelele mu nyumba."