Mjane Mwenye Kanisa la Khwisero

Nilitoka Kakamega kwa sababu ya majivuno. Bendera yetu ilikuwa bado mpya, nami nilikuwa mtu pekee mjini aliyesomea makanisa ya Zama za Kati, elimu ambayo hakuna serikali iliyowahi kuihitaji. Basi Mama Rasoa, mjane wa fundi matofali, aliponiita Khwisero nikaokoe kanisa lao lisibomolewe, nilianza kupiga suti pasi kabla mjumbe wake hajamaliza chai.

Asubuhi, basi la Butere lilinishusha njia panda. Safari nikaimalizia kwenye keria ya baiskeli, nimepakata kitabu changu cha picha za makanisa kama kuku wa zawadi. Suti ikageuka rangi ya barabara.

Adhuhuri nililiona, katikati ya mahindi: kanisa la kijiji cha Uingereza cha karne nyingi zilizopita, lililochorwa na padre mzungu aliyekumbuka kwao. Madirisha membamba yenye vichwa vilivyochongoka, yasiyopitisha hewa. Nguzo nene za kuegemeza kuta ambazo hazikuwa na nia ya kuanguka. Paa la mwinuko mkali, la kumwagia theluji. Nilikaribia kulia.

"Ndani ni joto kama jikoni," alisema Mama Rasoa, akikohoa. "Lakini kila tofali alilichoma baba watoto."

Alasiri kamati ya kanisa ilikaa humo ndani. Walitaka kujenga kanisa kubwa la mabati palepale. Nikahutubu juu ya matao, kisha nikawaonyesha picha ya kanisa la Uingereza ambalo padre aliliiga. Mwenyekiti wao, Zakaria, akaitazama sana.

"Mwalimu, hapa nani anasalinga?"

Ningeweza kudanganya. "Vikongwe watatu," nikasema. "Na watalii."

"Kumbe ni gofu! Sisi kwetu gofu tunapandanga mboga."

Walicheka hadi mabenchi yakalia. Zakaria akauliza wanaotaka kubomoa wainue mikono, na mikono ikainuka.

Mama Rasoa akasimama. "Zakaria, nyumba hii alijenga nani?"

"Padre alichora. Alijenga mume wako, mama."

"Na nyumba ya marehemu inabomolewanga mjane wake akiwa hai? Kwenu mnafanya hivyo?"

Mila ile hakuna asiyeijua pale. Mikono ikashuka, mmoja baada ya mwingine.

"Basi hatubomoi," Zakaria akasema. Kisha, kwa upole uliozidi kiasi: "Na hicho kifua, mama, kimekuanza lini?"

Jioni Mama Rasoa alinisindikiza njiani. "Umeongea vizuri, mwanangu," akasema. "Kidogo tu utuangushie kanisa." Akanipa kuku, wa kweli safari hii, nikarudi naye Kakamega mapajani, akiidonoa suti.

Siku hizi nikienda Khwisero, kitabu hukaa nyumbani. Nampelekea Mama Rasoa blanketi na dawa ya kifua. Katika masomo yangu yote, sijaona njia bora zaidi ya kutunza matao ya Zama za Kati.