Simiyu, msomaji wa damu yangu

Marafiki, kichwa changu kimekataa kabisa. Simiyu wa lab kule Kitale ametuacha. Ijumaa kifua kilimbana akiwa kazini, Jumamosi asubuhi simu ikanipata hapa Bungoma, nikakaa chini palepale kando ya barabara.

Wengi mlimjua kwa utani wake. Mimi nilimjua kama mtu aliyenirudishia maisha, na leo niko hapa cyber niwaambie vile ilikuwa.

Miaka minne iliyopita alinisindikiza Lwakhakha, kwa wazazi wa Nafula, kuposa. Baba mkwe akaniheshimu kwa firigisi ya kuku. Nikatafuna kidogo, taya likachoka, likagoma. Nikairudisha kwa sahani mbele ya nyumba nzima. Mkwe harudishi firigisi.

Mzee akauliza polepole, "Kwani kuku yetu iko na shida gani?"

Simiyu hakucheka, na huyo alikuwa anacheka hata matangani. Alikuwa ananiangalia kope, taya, shingo. Tukitoka akaniambia kesho nipitie kwake kabla ya kwenda popote.

Wakati huo nilikuwa nimeshatibiwa malaria mara sijui ngapi kwa sababu ya uchovu huo huo. Kanisani, vile kope zilikuwa zinaanguka, waliniita mzee wa kusinzia.

Damu aliyonitoa kesho yake ilienda Nairobi, ikavuka hadi ng'ambo. Majibu yakaonyesha kingamwili, wale askari wa mwili, walikuwa wanapiga misuli yangu mwenyewe. Simiyu akamkumbusha daktari kwamba askari wakikosea hivyo, wakati mwingine kuna uvimbe kwa tezi ya thaimasi, hapo nyuma ya mfupa wa kifua. Nikapigwa scan Eldoret. Ulikuwepo. Ukatolewa.

Nikiwa bado wodini, jamaa alibeba picha za scan mpaka Lwakhakha bila kuniuliza. Akaziinua kwa mwanga wa dirisha, akamwonyesha mzee ule uvimbe, akamwambia huyo ndiye mgeni aliyekataa firigisi. Mzee akasema wataningoja nipone. Nafula ni mke wangu leo.

Kila baada ya miezi sita Simiyu alinitoa damu, na kila mara alibakisha kidogo kwa friza. Damu mpya ilisafiri na ya zamani, zipimwe siku moja. Alisema kipimo cha leo hakiwezi kulinganishwa na cha mwaka jana kama havijakaa meza moja. Na damu peke yake hakuiamini, scan lazima.

Alitaka nijifunze kusoma results mwenyewe. Mimi nilikuwa mvivu na mwoga, nikamwambia, "Si wewe uko?"

"Na siku nikikosa?"

"Ukose uende wapi, bana."

Akanikalisha chini hivyo hivyo, akanifundisha kwa nguvu. Nilikasirika siku hiyo, nisidanganye.

Sample ya mwisho aliitoa kwa mkono wake wiki tatu zilizopita. Juzi tumemzika. Leo asubuhi bahasha imefika, na hakuna Simiyu wa kunipigia kwanza. Niliizunguka meza kama mara tatu. Nafula alitaka twende kwa daktari aisome yeye. Nikakataa, nikaifungua.

Simiyu, kwa damu ya zamani wale askari bado wako juu pale pale ulipowaacha. Kwa damu ya sasa wameshuka chini kabisa. Nimeipitia mara mbili kwa kidole, kama ulivyonilazimisha. Scan ni mwezi ujao, na nitaenda.

Lala bila wasiwasi, ndugu yangu. Niko mzima.